Kumi na Mbili Kamili au ya Kawaida?

Ingia duka la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam uulize nondo ya mm 12. Mara nyingi, kabla hujatajiwa bei, unaulizwa wewe: "Unataka kumi na mbili kamili, au ya kawaida?" Anayejenga kwa mara ya kwanza hudhani anachaguliwa daraja, kama mchele wa daraja la kwanza na la pili. Anachukua ya kawaida na kubaki na chenji ya kununulia misumari. Ila kipenyo hakina daraja. Nondo ama ni mm 12 ama siyo, na hiyo "ya kawaida" ni nondo nyembamba iliyopewa jina la nene.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162. Jibu ni uzito wa kila mita kwa kilo. Nondo ya mm 12 inatoka kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo ya mita 12 inapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi. Ukipima ile ya kawaida ukakuta ni mm 10.5, uzito wake ni kama kilo 8.2 tu. Sasa weka bei. Tuseme kamili ni shilingi 24,000 na ya kawaida ni 20,000. (Bei zote humu ni za mfano wa kufanyia hesabu; weka za duka la mtaani kwako.) Kamili inakugharimu kama 2,250 kwa kilo, ya kawaida zaidi ya 2,400. Aliyekimbilia rahisi amelipa ghali zaidi kwa kila kilo ya chuma, na nyumba yake imepungukiwa karibu robo ya chuma alichochora mhandisi. Huna kalipa? Mizani ya muuza vyuma chakavu haina ushabiki na mtu.

Pima na urefu. Nondo iliyokatwa nusu mita haionekani kwa macho ikiwa imelala na wenzake kwenye lori.

Nimeanza na nondo kwa sababu ndipo mchezo ulipo wazi zaidi, lakini mchezo wenyewe ni mmoja toka msingi hadi paa: mnunuzi anauziwa jina, na pesa yake ilitakiwa inunue namba. Mfuko wa saruji, tofali, bati, hata "ufundi", vyote vina bei za kulinganisha dukani ambazo hazilinganishiki mpaka ujue nyuma ya jina kuna kipimo gani.

Kwenye mfuko wa saruji namba imeandikwa kubwa kabisa, ila wengi husoma picha ya mnyama. 32.5 na 42.5 ni nguvu. Kipande cha majaribio cha saruji hiyo, kikifikisha siku 28, kinatakiwa kihimili mgandamizo usiopungua megapaskali hizo. Herufi inayofuata ni mwendo wake: N ni ya kawaida, R ni ile inayowahi kupata nguvu siku za mwanzo. Kwa kujengea tofali na kupiga plasta, 32.5 inatosha kabisa, na anayekulazimisha ununue 42.5 ya plasta anakuongezea gharama bure. Kwa nguzo, mkanda, linta na zege la ghorofa, nunua 42.5 bila mjadala, na hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini mjadala haufai hata kwa mfuko wa pesa.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 12, ambayo kuta zake zote za nje na ndani zikiunganishwa zina urefu wa mita 80. Mkanda wa juu wenye upana wa inchi 6 na kimo cha sentimita 20 unahitaji zege la mita za ujazo 2.4. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, mita moja ya ujazo hula mifuko sita na ushee. Mkanda wote ni mifuko 15. Kama 42.5 inazidi 32.5 kwa shilingi 1,500, basi kwa kuchagua dhaifu umeokoa 22,500. Hiyo si nauli ya lori la mchanga.

Mahali pa kuokoa saruji ni jamvi. Nyumba hiyohiyo ina sakafu ya mita za mraba 120. Kwa unene wa sentimita 10 ni zege la mita za ujazo 12. Kwa 1:2:4 ungetumia mifuko kama 76, kwa 1:3:6 ni kama 53. Jamvi lililolala juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri, huku kuta zikisimama kwenye msingi wake, halihitaji kuwa na nguvu ya nguzo. Mifuko 23 kwa 16,000 ni 368,000. Hapo umeokoa kitu, na hakuna aliyedhurika. Sharti ni neno "kilichoshindiliwa", na nailoni nzito ya kuzuia unyevu itandikwe chini ya zege, kwa sababu jamvi linaloshuka baada ya masika ya kwanza litakudai vigae vyote upya.

Lakini namba za mchanganyiko nazo zina jina la kughushi, nalo ni toroli. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Fundi anaposema "mbili kwa nne" akamaanisha toroli mbili za mchanga na nne za kokoto kwa mfuko mmoja, na toroli lake linabeba lita 60, amechanganya 1 kwa karibu 3.5 kwa karibu 7. Mdomoni ni zege la nguzo, ardhini ni hafifu kuliko la jamvi. Pima kwa ndoo ileile kwa vitu vyote, au mtengenezee sanduku la mbao linalobeba lita 35. Maji nayo: lita 25 kwa mfuko ni kipimo kizuri cha kuanzia, na ukiona zege linatiririka kama uji, nguvu inatiririka nalo. Kisha limwagilie siku saba, na zaidi ukiweza. Hakuna kitu cha bei rahisi kwenye ujenzi kinachoongeza nguvu kama ndoo za maji ya kumwagilia, na hakuna kinachosahaulika haraka kama hicho.

Twende kwenye tofali, ambazo ndizo watu hulinganisha bei kwa shilingi hamsini hamsini. Tofali la inchi 6, lenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, lina ujazo wa lita 16 hivi. Muulize mfyatuaji: mfuko mmoja unatoa tofali ngapi? Akisema 20, amefyatua lita 320 kwa lita 35 za saruji, yaani saruji ni kama sehemu moja ya tisa ya tofali. Akisema 40, ni kama sehemu moja ya kumi na nane. Tofali hizo mbili zinafanana rangi, zinafanana umbo, na zinaweza kutofautiana bei kwa shilingi 300 tu. Usipoambiwa idadi, okota mbili, liachie moja lianguke kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu, na kwaruza la pili kwa ufunguo. Linalomwagika mchanga kwa ufunguo litamwagika mchanga ukutani pia. Uliza na tarehe: tofali la juzi bado ni bichi, na lililoanikwa juani bila maji hata likikaa mwezi halitapata nguvu yake. Mwenye nafasi kwenye kiwanja na maji ya uhakika afyatue mwenyewe. Ndiyo njia pekee ya kujua kilichomo.

Swali kubwa zaidi kuliko bei ya tofali moja ni kama utazilaza au utazisimamisha. Mita moja ya mraba ya ukuta hula kama tofali 9.5 zikisimamishwa na 13.3 zikilazwa. Nyumba yetu, ukiondoa milango na madirisha, ina ukuta wa mita za mraba 210: tofali 2,000 kwa njia ya kwanza, 2,800 kwa ya pili, bado hujahesabu za kuvunjika. Kwa 1,500 kila moja tofauti ni 1,200,000, na juu yake ongeza udongo wa kujengea na malipo ya fundi anayehesabu kwa tofali. Kulaza ni kwa msingi, ambako ukuta unabeba nyumba nzima na kusukumwa na kifusi. Juu ya jamvi, kwa nyumba isiyo na ghorofa, ukuta wa inchi 6 uliosimamishwa na kufungwa kwa linta na mkanda unatosha. Wapo wanaolaza nyumba nzima "kwa usalama" halafu wanaruka mkanda kwa sababu hela imeisha. Hao wamenunua uzito wakaukosa ufungwaji.

Je, tofali za kufungamana, zile zinazoingiliana bila udongo wa kujengea? Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi, na kwa haki. Hutumia udongo wa kawaida wenye saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, wala hazichomwi, kwa hiyo hazili miti. Moja ni ndogo: kwa zile za sentimita 30 kwa 10 usoni, unahitaji kama 33 kwa mita ya mraba, hivyo usilinganishe bei ya moja na ya tofali la inchi 6. Linganisha mita ya mraba iliyokamilika. Faida yake yote iko kwenye kuacha ukuta wazi bila plasta. Kama mwenye nyumba, au mama mkwe wake, atataka ukuta laini uliopakwa rangi, rudi kwenye tofali za saruji mapema. Na usizianze bila fundi aliyewahi kuzijenga, maana kozi ya kwanza ikipinda milimita tano, ya kumi na mbili inakuja na kesi. Tofali za kuchoma ni habari ya Iringa, Mbeya na kwingine ambako udongo na wachomaji wapo jirani. Ukizisafirisha hadi Dar, lori limekula unafuu wote.

Paa sasa limekuwa suala la fasheni kuliko mvua. Nyumba ya kuficha paa inasifiwa kwamba ni nafuu: mbao za kenchi chache, bati chache, mwinuko mdogo. Ni kweli kwa bati. Nyumba yetu ikiwa na paa la kawaida lenye mwinuko wa nyuzi 25 na upenu wa sentimita 60 inahitaji mita za mraba 163 hivi za kuezeka kabla ya mapishano. Ikifichwa inashuka hadi kama 120. Lakini ukuta wa kufichia, mita 44 kuzunguka kwa kimo cha mita moja, unameza tofali 400 na zaidi, plasta ya pande mbili, rangi ya pande mbili, na mfereji wa ndani uliozibwa kwa ustadi. Halafu ikumbuke mvua yenyewe. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inakushushia lita 6,000 ndani ya kizuizi ulichojijengea mwenyewe, na jani moja la mwembe linatosha kuziba tundu la bomba. Paa la upenu huyatupa nje maji hayo bila kuuliza mtu, na kivuli chake hulinda ukuta na dirisha. Ukitaka kuficha, ficha, ila usiambiwe kwamba ni nafuu.

Kwenye bati, geji huenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, hivyo 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Geji ni mazoea ya soko, na bati mbili za "geji 30" kutoka viwanda viwili zinaweza zisilingane. Omba unene kwa milimita uandikwe kwenye risiti, uliza na uzito wa utando unaozuia kutu. Karibu na bahari, Kigamboni au Bagamoyo, utando huo ni muhimu kuliko rangi unayoitafutia jina.

Ufundi. Fundi analipwa kwa siku, kwa tofali, au kwa hatua: msingi, boma, kupaua, umaliziaji. Malipo ya siku ni ya ukarabati mdogo, ukiyatumia kwa nyumba nzima siku zitajenga makao hapo. Malipo kwa tofali ni rahisi kuhesabu, ila linta, mkanda na jukwaa haviko kwenye tofali. Viandikwe mapema la sivyo vitazaa bei mpya wakati ukuta uko juu na huna pa kwenda. Mimi nashauri hatua, kila moja na bei yake, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya shahidi, na asilimia 5 au 10 ya malipo ya paa izuiwe mpaka mvua kubwa ipite juu yake. Anayekasirikia kipengele hicho amekupa taarifa ya bure.

Mkandarasi aliyesajiliwa atakuja na bei ya juu kuliko fundi, na wengi huishia kumwona mwizi. Kwenye bei yake kuna faida, bima, msimamizi, na kama amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya serikali. Kumlinganisha na fundi anayetoza ufundi mtupu ni kulinganisha visivyolingana. Mlipe mkadiriaji majenzi akuandalie BOQ moja, mchanganuo wa kila kifaa na kiasi chake, kisha kila mmoja aujaze bei. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, inawapanga makandarasi wa majengo kwa madaraja saba, la saba likiwa dogo kuliko yote, na cheti kinakaguliwa. Kwa nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ghorofa, ukiwa na muda wa kukaa saiti, fundi mzuri na BOQ vinatosha. Ukiwa Muscat au Minneapolis unatuma pesa kwa simu, gharama ya mkandarasi ni ndogo kuliko ya binamu.

Ghorofa ni jambo jingine kabisa, hata liwe moja. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, likaua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo. Hapo hakuna cha fundi mzoefu. Ni msanifu, mhandisi na mkandarasi, kila mmoja na bodi iliyomsajili.

Kibali cha ujenzi watu hukiona kama ada ya kuonewa, hivyo hukiweka mwisho. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakitaka kabla ya kuanza. Unapeleka halmashauri michoro, uthibitisho wa umiliki na risiti za kodi ya ardhi, na ada hutegemea halmashauri na jengo. Nafuu ya kibali ni kwamba kinalazimisha mtu mwingine aangalie ramani ya mpango kabla hujamwaga pesa. Sheria ya Barabara ya mwaka huohuo iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati, lakini Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5, na 2017 nyumba za saruji safi na nondo kamili zilibomolewa huko. Kwenye ufukwe wa bahari, ziwa na kingo za mito, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60. Kiwanja kinachouzwa nusu bei kwa sababu "kina mandhari ya bahari" kipimwe kwa futi kamba kabla ya kupimwa kwa macho. Ramani ya kununua mtandaoni kwa bei ya chakula cha wageni haijui haya, wala haijui jua la jioni linapigia chumba gani, na afisa mipango miji atataka iwe na muhuri wa msanifu hata hivyo.

Kuna gharama moja ambayo ningeiongeza kwenye kila bajeti, hata ya chumba na sebule: ziara mbili za mhandisi. Ya kwanza mtaro wa msingi ukiwa wazi, kwa sababu mchanga wa Mbezi na udongo mweusi unaovimba si ardhi moja, na kina cha mtaro hakipangwi kwa simu. Ya pili nondo zikiwa zimefungwa. Ataangalia kama zinapishana kwenye maungio angalau futi mbili kwa mm 12, kama ringi ziko kwenye nafasi zilizochorwa, kama chini ya nondo kuna vile vipande vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti vya kuziinua zisigusane na ubao. Mwite asubuhi mapema, kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Zege likishamwagwa hakuna tena wa kuhesabu ringi.